Mlango Aliofungua Zenovia

Siku hiyo ilianza shwari. Jua la Mei lilijaa jikoni, na Zenovia alikuwa akikaanga vitunguu katika jumba la mwajiri wake, Mama Crăsnaru, juu ya kilima kinachoutazama mji wa Cluj, Romania. Kazi ile ilikuwa ya marehemu dada yake, Safta.

Ugonjwa wa mapafu ulipoingia mjini, Mama Crăsnaru alijifungia ndani. Safta ndiye aliyepanda mabasi, akapanga foleni sokoni na kwenye duka la dawa, kisha akaacha mizigo mlangoni, maana ndani alikatazwa kukanyaga. Alipoanza kukohoa alisema, "Mama, leo mwili hauna nguvu. Niache nipumzike."

"Na kondoo wa Pasaka aletwe na nani?" mama alimjibu kutoka dirishani. "Nyie wa huko chini mmezoea. Hebu nenda, acha uvivu!"

Alikwenda. Akaleta nyama. Pasaka ilimkuta kaburini.

Ugonjwa ulipopungua, Zenovia aliichukua kazi ile, ila hakuufuata mshahara. Alitaka kumtazama yule mama usoni kila siku, mpaka ajue la kumfanya.

Kengele ikalia. Mlangoni palikuwa na mfuko. Ndani, nyama ya kondoo. Ya baridi. Ina udongo.

Zenovia akaufunga mlango.

"Nani kaleta?" mama aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Sijaona mtu, mama."

Nje, mtu akakohoa.

Zenovia alikijua kikohozi kile.

"Mama," sauti ikaita, ya kukwaruza. "Nimechoka. Nifungulie nipumzike."

Mama Crăsnaru alishuka mbio, akamng'ang'ania Zenovia mkono. "Usifungue," akanong'ona. "Nakuomba, mwanangu. Weka komeo."

Mwanangu! Mtu ambaye hata jina la Zenovia hajawahi kulitaja.

Zenovia akajinasua. "Huko alikotoka kuna baridi, mama. Mwache aingie."

Akafungua.

Hapakuwa na mtu. Ubaridi tu ulimpita ubavuni, taratibu, kama mgonjwa anayepanda ngazi. Mama alikimbilia chumbani, akajifungia. Kikohozi kikasikika humo humo ndani. Kisha vikawa viwili. Kisha kimya.

Zenovia alizima jiko, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mama alikutwa amekaa kitandani, mfu, mapafu yamejaa maji. Vipimo havikuonyesha ugonjwa wowote.

Jumba lile sasa halikaliwi. Lakini kwenye kioo cha dirisha la chumba kile, kwa ndani, kuna ukungu wa pumzi, upana wa mdomo. Watu wameufuta mpaka wamechoka.

Unatanuka. Unasinyaa. Unatanuka.