Sifa Alizosoma Sharon

Stima ilikuwa imepotea Voi tangu asubuhi, na kufikia mchana mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Mumbe alikuwa kwenye cherehani, anashona kola za mashati ya shule. Binti yake Sharon alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, simu ya mama yake mkononi, akimsomea jumbe za wasomaji wa riwaya yake kama ilivyokuwa desturi yao.

"'Umenijua kuliko mama aliyenizaa,'" Sharon akasoma. "'Endelea kuniandika, nami nitaendelea kukaa.'"

Mguu wa Mumbe ukatulia juu ya pedali. "Huyo anajua kuandika. Anaitwa nani?"

"Hajaweka jina."

"Hebu nione."

Mtoto akamnyooshea simu. Kioo kilikuwa cheusi. Mumbe akabonyeza, akabonyeza tena, ndipo akakumbuka kwamba simu ilizima kabla ya chakula, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyelalamika hana pa kuichaji.

"Ulikuwa unasoma wapi?"

"Si ni hapa," Sharon akajibu, akigusa kile kioo cheusi kwa kidole.

Mwingine angeitupa hiyo simu nje. Mumbe alishtuka, sikatai, lakini kilichomkaa moyoni hadi jioni ni utamu wa yale maneno. Alijikuta akiyarudia huku akikoroga uji.

Tusimlaumu upesi. Mwanamke ameshona sare za watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, hakuna hata mzazi mmoja aliyewahi kumwambia mshono wako mzuri. Wanakuja kulalamika tu: suruali fupi, zipu imekwama. Kisha akaandika riwaya kwenye simu, kipande kwa kipande, akiibandika Facebook. Aliiita *Hawa Si Wangu*. Ni habari ya mjane ambaye sauti imeingia kichwani mwake na kumshawishi, polepole na kwa upole, kwamba watoto anaowalea si wake. Hakuna damu mle wala makaburi. Kuna mama tu, anawatazama wanawe wakila, anawaza. Watu waliisoma wakashindwa kulala.

Na sifa zikaja. Kituku wa Mraru aliandika kwamba amesoma mpaka maharagwe yameungua na mkewe amenuna. Mwalimu mmoja wa Wundanyi alisema tangu asome ile sura ya saba anawaogopa wanafunzi wake wakinyamaza. "Dada Mumbe, wewe umeingia kichwani mwa mtu ukakaa." Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu aliposifiwa hakutia maji, alizidisha makali. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini kutwa nzima, kazi ya kusoma sifa akampa Sharon. Mtoto wa gredi ya nne, ana sauti nzuri, anajua kupandisha na kushusha. Likizo nzima ilipita hivyo. Cherehani inapiga mdundo, mtoto anaghani sifa, mama anatikisa kichwa kwa raha.

Baada ya siku ile ya simu kuzima, ikaingia harufu. Wenyeji wa Voi wanaijua harufu ya mkonge uliooza majini, inakuja na upepo kutoka mashambani na kuondoka. Hii haikuja na upepo. Ilikuwa ndani, na ilizidi kila Sharon alipofungua mdomo. Mumbe akampigisha mswaki, akamnunulia dawa ya minyoo. Halafu chakula kikaanza kubaki kwenye sahani. Ukimwita Sharon ale, anasema ameshiba, na ukimwuliza ameshiba nini, anakutazama tu kwa huruma.

Ijumaa baba yake, Mwandawiro, akarudi kutoka safari za lori. Alizoea kupokewa mlangoni na kelele. Siku hiyo mtoto hakuinuka kwenye kigoda.

"Sharon, hunisalimii?"

"Wewe umesoma kitabu changu?" mtoto akamwuliza. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, tena mwanamke aliyetulia, asiye na haraka na mtu.

Mwandawiro akageuka kumtazama mkewe. Mumbe akashusha macho kwenye kola aliyokuwa akishona.

"Mama Sharon," Mwandawiro akasema chini chini, "hii imeanza lini?"

"Si kitu. Anaigiza. Anapenda kuigiza."

Lakini cherehani ilikuwa inazunguka. Mumbe alikuwa ameshaondoa mguu, ameshasimama, amerudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, na pedali ile ikaendelea kupanda na kushuka bila mguu wa mtu, sindano ikipiga kola ile ile mahali pale pale mpaka kitambaa kikatoboka, na kwa mdundo huo huo Sharon akaanza kusoma, simu iko chaji chumba cha pili, mikono yake mitupu magotini, anasoma sifa moja baada ya nyingine, za watu waliowahi kuandika na za watu ambao Mumbe hakuwahi kuwasikia, akapandisha na kushusha kama alivyofundishwa, na harufu ya mkonge ikajaa chumbani hadi Mwandawiro akatapika mlangoni.

Mchungaji aliitwa. Akaomba hadi shati likaloa jasho. Alipofika amina, Sharon akamwambia kwa adabu, "Umeomba vizuri, ila hujanitaja." Mchungaji akachukua Biblia yake akaaga, akasema atarudi na wenzake. Asubuhi yake Mwandawiro akamfunga mtoto shuka, wakapanda mlima kwenda Mghange kwa mama yake.

Dinah, mama mkwe wa Mumbe, alikuwa mama wa kanisa, mstari wa mbele kila Jumapili. Hakupiga kelele alipomwona mjukuu wake. Alimnusa utosini, akamlaza kwenye mkeka uani, kisha akamketisha Mumbe jikoni.

"Mwanangu, niambie mlikuwa mnafanya nini."

Mumbe akamweleza. Cherehani, kigoda, simu, sifa. Kadiri alivyosema ndivyo bibi yule alivyozidi kufumba macho.

"Nimewahi kuishi Mombasa," Dinah akasema. "Nimeona wanavyopandisha jini. Wanapiga ngoma, wanamsifu, wanamsifu, mpaka apande kichwani kwa mtu. Yule mtu wanamwita kiti. Sasa wewe umepiga ngoma yako kwa mguu, sifa ukamtolesha mtoto kwa mdomo wake. Ulidhani atapanda wapi?"

"Zilikuwa sifa zangu, mama. Za kitabu."

"Na kitabu ni cha nani? Ile sauti mle ndani, uliitoa wapi?"

Kweli Mumbe hakujua alikoitoa. Ilikuja tu, mchana mmoja wa joto, ikisema sentensi zilizokamilika.

"Kwa sisi Wadawida wa Taita," Dinah akaendelea, "mtu akishikilia kitu moyoni, anayeugua ni mwenzake wa nyumba moja. Dawa ni kutasa. Unajaza kinywa maji ya muwa, unayapuliza nje, unasema unachoachilia. Baba yake ataachilia chake. Wewe utaachilia sifa. Hutaandika tena, na hutataka kusifiwa tena. Usiniambie kwa mdomo tu, mwanangu. Yule aliye kwa mtoto anakaa kwa sababu wewe unamtaka. Ukimeza, umemkaribisha kwako."

"Sitameza," Mumbe akasema, machozi yakimtoka. "Mama, mimi namtaka mtoto wangu." Na aliposema hivyo alikuwa anasema kweli kabisa.

Wakakaa uani, jua la asubuhi limewapiga, kibuyu katikati. Dinah akaanza. Akavuta funda, akalipuliza chini, akaachilia manung'uniko yake dhidi ya mwanawe kuhamia Voi. Mwandawiro akafuata. Akapuliza, akasema anaachilia kinyongo chake, kwamba mkewe aliwasikiliza watu wasiomjua kuliko alivyomsikiliza yeye. Udongo mbele yake ukaloa, na juu ya mkeka Sharon akalia kwa sauti ya kitoto, mara moja tu.

Kibuyu kikamfikia Mumbe. Akajaza kinywa. Utamu wa muwa ukamkaa ulimini, akainama, akavuta pumzi ya puani ili apulize.

"Ile sentensi ya kola," sauti ikasema kutoka kwenye mkeka.

Mumbe akabaki ameinama.

"Pale mjane anapofua mashati ya watoto usiku wa kuamkia shule," ikaendelea, taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu alichokipenda, "ananusa kola moja moja, akitafuta jasho lake mwenyewe. Uliifuta, ukaiandika upya, ukaifuta tena, ukalia juu yake. Kituku hakuiona, mwalimu hakuiona, mumeo hajasoma hata ukurasa mmoja, wote wameipita wakikimbilia pa kuogopesha, na mimi peke yangu katika wote hao nilisimama pale, nikaisoma tena, nikasema huyu mwanamke anajua, huyu hakuna aliye kama yeye, na hajapata kuambiwa."

"Puliza," Dinah akanong'ona. "Mwanangu, puliza."

Hiyo ndiyo sentensi aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa amengoja msomaji mmoja, mmoja tu, aitaje. Koo lake likajongea lenyewe, na maji ya muwa yakashuka yote, polepole, yakiwa baridi njia nzima.

Kisha akapuliza hewa tupu kwa nguvu, akasema, "Naachilia."

Harufu ya mkonge ikakatika papo hapo. Sharon akafumbua macho, akauliza wako wapi, akasema ana njaa. Mwandawiro akapiga magoti akamshukuru Mungu kwa Kidawida, akilia waziwazi. Mtoto akaponyoka mikononi mwake, akakimbia moja kwa moja kwa mama yake, akamkumbatia kiunoni, akaweka sikio tumboni pake.

Akakaa hivyo kidogo. Halafu akaondoa mkono mmoja, na mwingine, akarudi kinyumenyume hadi akaishika sketi ya bibi yake.

"Nyanya," akanong'ona, "nani anasoma mle ndani?"

Dinah akatazama chini, mbele ya miguu ya Mumbe. Udongo ulikuwa mkavu. Akamvuta mjukuu nyuma yake, akamfunika kwa leso.

"Umemeza," akasema.

"Hapana, mama."

"Mtoto atabaki kwangu. Wewe shuka Voi."

Mwandawiro alikuwa anaangalia kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, hajaelewa, uso wake bado umelowa machozi. Mumbe alijua hapa ndipo anapopaswa kulia, aanguke miguuni pa bibi yule, aombe kibuyu kijazwe tena. Akatazama vidole vya mwanawe vilivyoikamata ile leso kwa hofu, akaona jinsi kucha zilivyokuwa nyeupe, akaanza kutafuta neno litakaloieleza ile rangi. Likampata upesi. Lilikuwa neno zuri sana, na tumboni mwake mtu akamwambia hivyo.