Nilimfukuza Wifi kwa Ukurasa Mmoja

"Mke wangu tulimzika juzi, Jumanne."

Bosi wa hoteli aliniambia hivyo huku bado nimemshika mkono, tabasamu langu limejaa uso mzima...

Sekunde mbili kabla nilikuwa nimemwambia, "Shemeji hajambo? Mwambie ile picha yenu ya ufukweni imenikosha!"

Jamani! Mwenzenu niliganda. Wafanyabiashara wote waliokuja kwenye hafla ya hoteli wakanigeukia.

"Po... pole sana."

Akauchomoa mkono wake, akaondoka. Mapazia ya vyumba sitini yakaondoka naye. Na kazi ile ndiyo ingeokoa karakana yangu ya kushona, maana mwenye jengo alishanipa notisi.

Sasa kabla hamjaanza kunionea huruma, nisikilizeni.

Mimi siendi kukutana na mtu wa kazi bila kumchimba kwanza. Ana familia gani, anapenda nini, juzi kaposti nini. Yote yanaandikwa kwenye daftari, mtu mmoja ukurasa mmoja. Nakariri kwenye gari, nikifika naongea naye kama tumekua nyumba moja. Watu wanayeyuka!

Ila mchimbaji hakuwa mimi. Alikuwa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, niliyekuwa nakaa naye. Kwa kuwa haongei sana nilimbandika jina la Bubu, mpaka wateja wakalizoea. Mchana anapiga pasi mapazia, jioni anaingia mtandaoni kunitafutia habari za watu. Sifa nachukua mimi.

Basi nikarudi nyumbani na hasira zangu.

"Bubu! Njoo hapa!"

"Abee, wifi."

"Mke wa bosi yuko wapi?"

Akashtuka. "Lakini si nili..."

"Nyamaza! Umenimaliza makusudi, mwanahizaya wewe!"

"Wifi, si nilikuandikia..."

Nikamzaba kibao.

Mume wangu akatoka chumbani. "Kuna nini?"

"Dada yako kaniuza! Chagua moja, yeye au mimi!"

Mume wangu akatazama sakafu. Wifi alisimama pale akimsubiri kaka yake aseme neno... hakusema. Wifi akafunga nguo zake kwenye shuka, akatoka na mvua inanyesha. Mlango niliufunga mimi. Na cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yake nikaizuia!

Kesho yake nikachukua daftari niuchane ule ukurasa wa bosi. Ukageuka mkononi mwangu.

Nyuma yake kulikuwa na kalamu nyekundu:

"WIFI, MUHIMU. Mkewe amefariki Jumapili, nimeona leo kwa ndugu zake. Picha nilizoandika mbele ni za zamani. Usimtaje mke kabisa. Mpe pole tu."

Siku zote alikuwa anaandika upande mmoja. Safari hii nafasi ilimwishia, akamalizia nyuma. Mimi kwenye gari sikugeuza.

Mnadhani nilimpigia simu? Thubutu! Niliuchana, nikauchoma. Mume wangu aliponiuliza kuhusu daftari, nikamwambia sijaona kitu. Aibu ilikuwa yangu, nikaona bora aibebe wifi.

Miezi minane ikapita. Karakana ikafungwa, nikawa nashonea sebuleni. Nikasikia hoteli ileile inatafuta tena mshonaji wa mapazia, na ina meneja mpya wa manunuzi. Nani huyo? Sikujua. Sikuwa na wa kunichimbia, na mwenyewe nilishazoea kuletewa. Nikajipeleka hivyohivyo.

Nikagonga, nikaingia na tabasamu langu.

Nyuma ya meza... Bubu!

"Karibu, wifi. Kaa."

Nikakaa ukingoni mwa kiti. "We... wewe umefikaje hapa?"

"Nilikuja kumwomba bosi radhi kwa niaba yako. Akaniuliza najua kazi gani, nikamwambia kuchunguza watu kabla hawajapewa kazi. Akaniweka manunuzi."

Mbele yake kulikuwa na daftari, ukurasa una jina langu. Machozi yakanitoka yenyewe.

"Wifi yangu, nisamehe! Nilikuonea! Uliandika, niliona nyuma ya ukurasa!"

Akainua uso taratibu.

"Uliona lini?"

"Asubuhi yake..."

"Asubuhi yake?"

Nilitaka kulirudisha neno. Nilishachelewa.

Akanigeuzia daftari nisome. Mwandiko uleule: "Mshonaji hodari. Hachelewi kazi. Alinifukuza kwa kutojua. Apewe."

Apewe! Kazi ilikuwa yangu, jamani... ilikuwa yangu kabla sijafungua mdomo!

Wifi akalivuta daftari, akageuza ukurasa, akachukua kalamu nyekundu. Aliandika mstari mmoja tu. Safari hii hakunionyesha.

"Ukitoka, mwambie anayefuata aingie," akasema. "Na cherehani ya mama nitaifuata Jumamosi."

Ndugu zangu, ukienda kukutana na mtu wa kazi, mtafute mwenyewe, msome mbele na nyuma. Na yule anayekusaidia kuwatafuta wengine, usidhani unamjua kwa sababu mnakula meza moja.

Nilipofunga ule mlango ndipo nikaona kibao. Jina lake kamili, herufi kubwa, usawa wa macho yangu. Nilipita pale nikiingia, sikulisoma.