Sikio Lililosikia Kwanza

Kila asubuhi Kidoti aliamshwa na cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na alianza kazi kabla watoto hawajaamka. Mngurumo wa cherehani ulipita sakafuni, ukapanda miguu ya kitanda, ukamfikia Kidoti mgongoni.

"Wewe unaamshwa kupitia kitanda," Mama alipenda kumtania. "Masikio yako yamejaa nta."

Shuleni alikuwa na jina lake, lakini kwa sababu ya alama ndogo nyeusi iliyokuwa shavuni mwake, mtaa mzima ulimwita Kidoti. Mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia, aliitwa Bonge kwa ajili ya unene wa mashavu yake. Baba yao alichomelea mageti na madirisha ya chuma. Bibi, mama yake Baba, alikuwa mtu wa sala. Hata chumvi hakuitia kwenye chungu kabla ya kumtaja Mungu.

Zamani cherehani ilikaa katika chumba cha nyuma. Sasa ilikuwa sebuleni, na mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Juu yake palichorwa alama nyekundu ya chaki, kama ile anayoiweka mwalimu kwenye hesabu iliyokosewa.

Alama hiyo ilichorwa na mtaalamu wa matetemeko ya ardhi. Alikuja mtaani baada ya watu kuhisi mitetemo midogo, vikombe vikagongana kabatini. Alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vizito na nyundo kubwa, na watoto hawakukawia kumpa jina: Mama Nyundo. Alichomeka ardhini vifaa vidogo vilivyounganishwa kwa waya, akaviita masikio yake. Kisha akalaza bamba la chuma chini na kulipiga kwa nyundo, puu!

"Shangazi, ardhi imekukosea nini?" watoto walimuuliza.

Mama Nyundo alicheka. "Naiuliza swali. Nikipiga hapa, mawimbi yanasafiri ndani ya ardhi. Penye mwamba yanakwenda mbio. Penye udongo laini yanajikokota, tena yanakuwa makubwa. Weka kikombe sakafuni, kingine juu ya godoro, halafu rukaruka. Kipi kitaanguka?"

"Cha kwenye godoro!"

"Basi. Shule yenu iko juu ya mwamba. Mtaa wenu huu uko juu ya godoro."

Aliwafundisha pia kwamba tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili. La kwanza husukuma, kama wa nyuma katika foleni anapomsukuma wa mbele yake, msukumo ukafika hadi kichwani mwa foleni. Hilo hufika upesi. La pili hutikisa, kama mtu anayekung'uta shuka. Hilo huchelewa, lakini ndilo linalobomoa.

Aliingia nyumba hadi nyumba akitafuta nyufa. Kwa kina Kidoti alikuta ufa mpana katika ukuta wa chumba cha nyuma. "Mama mwenzangu," alimwambia Mama, "siku na saa ya tetemeko mimi siijui, na anayesema anaijua msimwamini. Ninachojua ni pahali ambapo litaumiza zaidi. Mtu yeyote asiingie humu mpaka ukuta huu ujengwe upya."

Mama alihamisha cherehani siku ileile. Meza nzito ya kukatia nguo haikupita mlangoni, ikabaki humo pamoja na pasi ya chuma na kopo la vifungo. Ufunguo ulitundikwa msumarini jikoni.

Kopo hilo la vifungo ndilo lililomponza Kidoti. Darasani wasichana walikuwa na mchezo wa kurusha vifungo, na Kidoti alikuwa ameshaliwa vifungo vyake vyote. "Mtoto wa fundi hana hata kifungo!" wenzake walimcheka. Asubuhi moja, Mama akiwa uani anamwogesha Bonge, Kidoti aliuchukua ufunguo, akaingia chumba cha nyuma, akachota vifungo mkono mzima.

"Kidoti!" Baba aliita. "Wewe unaisubiri shule, au shule inakusubiri wewe?"

Kidoti alitoka mbio. Mlango aliurudishia tu, wala hakuufunga. Ufunguo ulibaki mfukoni, umechanganyika na vifungo.

Mchana, wakiwa katika somo la hesabu, sakafu ya darasa iligutuka mara moja, kama mtu amegonga kutoka chini. Dirisha lililia. Kidoti alikumbuka foleni.

"Mwalimu, hilo ni wimbi la kwanza!" alipiga kelele.

"Chini ya madawati!" mwalimu alipaza sauti papo hapo. "Shikeni mguu wa dawati!"

Kisha shuka likakung'utwa. Ubao ulianguka. Chaki zilimiminika. Watoto walilia, wengine waliita mama zao, na Kidoti alifumba macho akihisi meno yake yakigongana. Kulipotulia, mwalimu aliwatoa uwanjani. Kuta za shule zilikuwa bado zimesimama. Lakini bondeni, upande wa nyumbani, vumbi lilikuwa limepanda na kuufunika mtaa mzima.

Kidoti alikimbia hadi nyumbani. Nyumba yao ilikuwa imepiga magoti kama ngamia. Dari la zege lilikuwa limelala mzimamzima juu ya kifusi. Baba alikuwa akichimba kwa mikono, vidole vinamtoka damu, na Bibi alisimama barabarani, kichwa cheupe kwa vumbi.

"Nimetoka kwenda kumwona mgonjwa," Bibi alisema. "Nimemwacha mkwe wangu kwenye cherehani, mtoto anamzunguka miguuni. Ee Mungu, nimewaacha wazima!"

"Kwenye cherehani, basi wako sebuleni," Baba alisema. "Chumba cha nyuma si kimefungwa?" Alimgeukia Kidoti. "Wewe ulipita jikoni asubuhi. Ufunguo ulikuwa msumarini?"

Mkono wa Kidoti ulikuwa mfukoni. Ulikuwa umeshika chuma baridi.

"Ulikuwepo, Baba."

Majirani walikuja na sururu, makarai na jeki za magari. Walianza kuchimba upande wa mbele. Waliita, hawakujibiwa. Walichimba tena, wakaita tena, na sauti zao zilizidi kuwa ndogo. Mwanamke mmoja alianza kulia kama watu wanavyolia msibani, na Baba akamfokea, "Usimlilie mke wangu! Hajafa!" Kisha naye akakaa juu ya tofali, akajifunika uso.

Kidoti alijua jambo moja ambalo wengine hawakulijua. Bonge hakuwahi kupita karibu na mlango bila kuusukuma. Mlango ukisukumika, angeingia. Akiingia, Mama angemfuata.

Aliinamisha kichwa na kuomba, "Mungu wangu, wafanye wawe sebuleni, nisije nikalazimika kusema." Mara akashtuka. Sala gani hii? Alikuwa anaomba Mungu amfichie siri, wakati mama yake anakata roho chini ya mawe. Alifungua mdomo aseme, lakini alipoona vidole vya Baba, akaufumba tena.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Mama Nyundo alipofika, amebeba masikio yake begani.

"Masikio haya yanaweza kusikia hata kidole kinachogonga chini ya kifusi," alisema. "Lakini nahitaji kimya. Zimeni jenereta. Mtu asitembee. Mtu asilie."

Kulikuwa na jirani mmoja aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Tangu mchana alikuwa akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. "Nyamazeni!" sasa alipaza sauti. "Mmesikia? Nimesema nyamazeni! Mtu asiseme hata neno, maana ukisema neno…"

"Redio," mama mmoja alimkatiza, "leo tuzimie, baba."

Bibi alikuwa akisali kwa sauti. Mama Nyundo alimkaribia kwa heshima, asijue aanzeje. Bibi aliinua mkono. "Usihangaike, mwanangu. Mungu hasubiri nipige kelele." Midomo yake iliendelea kwenda, bila sauti.

Mtaa ukanyamaza. Masikio yalipangwa juu ya kifusi, mengi mbele, moja tu nyuma. Mama Nyundo alitazama kioo cha mashine yake. Mstari ulikuwa umenyooka. Kisha ukatikisika kidogo. Ukatulia. Ukatikisika tena.

Baba alitaka kuinuka. Mama Nyundo alimzuia kwa kiganja.

"Kitu kinagonga," alinong'ona. "Lakini tazama. Sikio la nyuma limesikia kwanza. La mbele limesikia mwisho, tena kwa shida. Hivi ndivyo tunavyojua tetemeko limeanzia wapi: tunaviuliza vituo vyote vya kupimia matetemeko, nani amesikia kwanza. Aliyesikia kwanza ndiye aliye karibu."

"Nyuma kuna tangi la maji," Baba alisema. "Linavuja. Ni matone hayo. Chumba cha nyuma kimefungwa, binti yangu ameuona ufunguo msumarini."

Mama Nyundo alikunja uso. "Inawezekana ni matone. Sauti ni hafifu, siwezi kuapa. Na jeki zetu ni chache. Tukiinua zege upande wa nyuma, litakandamiza mbele. Tukiinua mbele, litakandamiza nyuma. Lazima tuchague upande mmoja, na zege likishasogea, hatuwezi kubadili tena."

Wakati huohuo ardhi ilitetemeka tena. Tofali liliporomoka, watu wakapiga kelele na kurudi barabarani. Ulikuwa mtetemo mdogo, lakini zege lilishuka kidogo zaidi, likilia.

"Hatuna muda," Baba alisema. "Mbele. Wekeni jeki mbele."

"Baba!"

Kidoti alitoa mkono mfukoni. Vifungo vilimwagika chini, vyekundu, vyeupe, vya buluu. Kiganjani ulibaki ufunguo.

"Sikuufunga mlango. Niliingia kuchukua vifungo. Nimekudanganya, Baba. Mlango uko wazi, na Bonge… Bonge husukuma kila mlango."

Baba aliutazama ufunguo. Mkono wake uliinuka, na Kidoti akafumba macho akisubiri kofi. Mkono ulitua begani mwake.

"Tutaongea baadaye," Baba alisema. "Sasa niambie, meza ya kukatia nguo imesimama wapi?"

"Kushoto, ukishaingia. Karibu na dirisha."

"Nyuma!" Baba aliwapigia wanaume kelele. "Jeki zote nyuma, upande wa dirisha!"

Walifanya kazi taratibu, maana haraka ingeua. Waliinua kidogo, wakapenyeza magogo, wakainua tena kidogo. Mama Nyundo hakuyatoa macho kwenye kioo. "Bado anagonga," alisema. Baadaye alisema, "Anachoka." Halafu Kidoti aliona mstari umenyooka, umenyooka kabisa. Alipiga magoti kwenye vumbi. Safari hii hakuomba afichiwe chochote. Alisema tu, "Mungu, ni wao. Ni wao."

Redio, aliyekuwa amelala kifudifudi na kuingiza kichwa katika tundu, alitoka akihema. "Naona mguu wa meza!"

Kisha kutoka ndani ya tundu lile walisikia sauti ambayo haikuhitaji mashine. Bonge alikuwa analia kwa hasira, kama mtoto aliyechoka kufungiwa.

Walimtoa yeye kwanza, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga, amekunja ngumi iliyojaa vifungo. Mama alifuata. Mguu wake ulikuwa umevunjika, midomo imepasuka, na pasi ya chuma ilikuwa bado mkononi. Ilibidi wamkunjue vidole kimoja kimoja.

"Niligonga sakafu," alimnong'oneza Kidoti walipomweka kwenye machela. "Nilijisemea, mwanangu husikia kupitia sakafu."

Kidoti alilia mpaka akakosa pumzi.

Siku zilizofuata walilala kwenye hema, katika uwanja wa shule. Jioni moja, Mama akiwa amerudi kutoka hospitali na mguu uliofungwa plasta, Kidoti alimsimulia yote, hata ile sala ya kwanza. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlango ulikuwa kosa la mtoto," alisema. "Kosa la mtoto lingeweza kumpata yeyote. Mimi mwenyewe ningelihamisha kopo lile, usingekuwa na cha kufuata. Lakini lile neno 'ulikuwepo' lilitaka kutuzika."

Mama Nyundo, aliyekuja kumjulia hali, alikubali kwa kichwa. "Watu hudhani hatari hupimwa kwa mashine peke yake. Mashine zangu ni masikio tu. Mimi huchora ramani ya mahali penye hatari kwa kujua udongo ulivyo, matetemeko ya zamani yalivyokuwa, na nyumba zilivyojengwa. Hayo mengine watu ndio wanaoniambia. Ardhi hainidanganyi, Kidoti. Mtu akinidanganya, ramani yangu inadanganya, na wanaokufa ni wengine kabisa. Ukweli uliochelewa ulimwokoa mama yako kwa sababu haukuchelewa sana. Usiucheleweshe tena."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Bibi aliongeza. "Na uongo nao ni ufa, mjukuu wangu."

Wiki iliyofuata Mama Nyundo alirudi kukagua nyumba zilizobaki, na Kidoti alimbebea chaki. Ufunguo, ambao haukuwa tena na mlango, aliuvaa shingoni kwa uzi wa cherehani. Walifika kwa Redio.

"Kwangu hakuna ufa!" alisema kabla hawajaketi. "Nyumba hii niliijenga mwenyewe. Tetemeko lilipita hapa likaona aibu! Nyufa? Labda kwa hao wengine…"

Kidoti alikuwa anatazama kalenda ya ukutani, iliyotundikwa chini mno, karibu na sakafu, ambapo hakuna ambaye angeweza kusoma tarehe. Redio aliyafuata macho yake. Kisha akauona ufunguo shingoni mwa Kidoti.

Redio akanyamaza. Aliinama polepole, akaiondoa kalenda, akajitenga na ukuta.

"Haya, shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Kidoti akampa Mama Nyundo chaki nyekundu.