Namba Iliyoandikwa Kwenye Kadi

"Dada... wewe si ulifariki?"

Nesi alimkodolea macho fundi cherehani aliyesimama mlangoni. Ndani, watu kumi waliopona saratani ya damu walikaa duara kwenye viti vya plastiki.

"Nife mara ngapi? Ni ganzi ya vidole tu. Tangu nimalize dawa za saratani miaka miwili iliyopita, hata uzi siwezi kutia kwenye sindano. Nimekuja kuuliza kama kuna msaada."

"Wenzako wengi hapa wana ganzi hiyo. Kuna mazoezi, kuna daktari. Tulikupigia sana!"

"Mimi? Sijapata simu hata moja."

Nesi akachomoa kadi ya fundi. Siku ya kulazwa fundi hakuwa na nguvu ya kushika hata simu, hivyo mumewe aliandikisha namba yake mwenyewe. Nesi akamwonyesha ujumbe uliotoka kwenye namba hiyo:

"Mke wangu alishafariki. Naomba msinisumbue tena."

Fundi akausoma mara tatu. Miaka miwili ya hofu peke yake, miaka miwili akiitwa mvivu na mumewe! Na ni mwanaume huyu huyu aliyemwogesha akiwa hoi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe aliishona mwenyewe. Akampigia.

"Ulinizika lini, mume wangu?"

"Uko wapi?"

"Niko kwenye kikundi cha waliopona. Wananishangaa."

"Mke wangu, nilichoka. Kila siku hospitali, kila simu habari za damu. Nilitaka tusahau, tuanze upya."

"Wewe usahau. Vidole hivi navyo visahau?"

"Sikuwa na nia mbaya."

"Uliponiita mvivu, ulijua kuna watu wa kunisaidia?"

"Hayo tuyaongee nyumbani."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Akakata simu. Akaomba kalamu, ikamponyoka mara mbili. Mama mmoja wa kikundi, muuza mboga, akainuka, akamwonyesha namna ya kuibana katikati ya vidole. Fundi akaikata namba ya mumewe kwenye kadi, akaandika yake, kubwa na iliyopinda.

Simu yake ikaita; ni mumewe.

"Rudi nyumbani tuyamalize, mama."

"Wewe si umefiwa? Oa mwingine, baba. Maiti hairudi nyumbani."

Akazima simu, akavuta kiti cha kumi na moja, akakaa na wenzake.