Vipande Visivyo na Majina

Basi bwana, siku hiyo duka la vifaa vya umeme limejaa hadi mlangoni. Mshonaji wetu, gauni la bluu, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, kakumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. Mbele yake kasimama kijana mrefu, miwani imeungwa kwa waya. Akageuka.

"Dada, umekuja kupima foleni?"

Mshonaji akashika shingo, akaona aibu. "Napima wanaume wanaoziba njia."

Wakacheka wote, ndivyo ilivyoanza, mimi sitii chumvi. Kijana alikuwa fundi kompyuta, ila mshonaji akamwita Miwani tu. Hazikupita siku nyingi, simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe, au umetafuna nyaya?"

Sasa mshonaji alikuwa na kazi nzito: sare za wauguzi mia mbili na kumi na wawili, kila mmoja na vipimo vyake na mchoro wake, vyote ndani ya ile kompyuta. Miwani akamwekea diski ya pembeni, nakala ikawa inajihifadhi yenyewe kila jioni. Akamwambia achague neno la siri, Miwani mwenyewe akageukia ukutani asilione.

"Hilo ni lako peke yako. Ukilisahau, hata mimi siwezi kukusaidia."

Siku moja mshonaji akaifungua ile diski aone kazi yake. Hamna mchoro hata mmoja. Maelfu ya vipande, majina yake herufi na namba hovyohovyo. Roho ikamruka, akapiga simu.

"Umenikatakata kazi yangu, Miwani. Sioni kola, sioni mkono."

"Mpenzi, ndivyo inavyohifadhi, vipande..."

"Usiniite mpenzi. Tapeli wewe."

Akakata. Kijana naye ana moyo wake, hakupiga tena.

Wiki tatu zikapita. Jumatatu asubuhi kompyuta ikafa, kimya kama jiwe, na wauguzi wanataka sare Ijumaa. Mama yake akamtazama.

"Hicho kiburi kitakushonea nini? Mpigie mtoto wa watu."

Miwani akaja na kompyuta nyingine. Kiti akapewa, hakukaa. Akaangalia mezani: vitambaa vimekatwa, mafungu mafungu, kila fungu na uzi wake na kikaratasi cha namba.

"Mkono wa nani huu?"

"Sijui, mpaka nitazame daf..."

Akageukia daftari lake la vipimo. Likamwingia.

"Na diski ndivyo hivyo," Miwani akasema taratibu. "Kila kitu kimekatwa, kikapewa namba. Mfuko wa sare zote ni ule ule, basi umewekwa mara moja tu, kila mchoro unauazima. Daftari limo humo humo. Weka neno lako."

Mshonaji akaandika. Ikatoka orodha ya siku, jioni moja moja.

"Nirudishe ya siku gani?"

"Ya kazi, jana. Yetu sisi, ile ya kabla sijakata simu."

Miwani akavuta kiti, akakaa.

Mchoro wa kwanza ukatokea, kola, mkono, mfuko. Wa pili. Wa tatu. Hadi mia mbili na kumi na mbili, hata kifungo hakikupungua. Mama mtu akatoa machozi, akasingizia vumbi.

Ijumaa sare zikaondoka zote. Mshonaji akavua futi shingoni, akamzungushia Miwani mabegani.

"Shati la nini?"

"Koti. La kuolea."

"Nani anaoa?"

"Wewe. Nyoosha mkono."

Akanyoosha yote miwili.