Unga Ambao Udongo Haukuula

Jumatano, tarehe 12 Machi 1975. Asubuhi hiyo mvua nyembamba ilinyesha Kisondela, na ukungu ulikuwa umeufunika mlima Rungwe hadi miguuni.

Ambindwile alimshukuru Mungu kwa kumwamsha salama, akachukua jembe. Alitaka kupanda mgomba kwenye shimo la zamani la takataka. Kila nyumba pale ina shimo kama hilo. Maganda, majivu na samadi hutupwa humo, na baada ya miezi michache huwa udongo mweusi. Watu walizoea kusema kwamba udongo wao hauchagui chakula.

Miaka miwili nyuma Ambindwile alifukia humo nusu gunia la DDT, dawa ya wadudu iliyokuwa imelowa mvua. Sasa jembe liligonga kitu cheupe. Unga ulikuwa vilevile, na harufu yake vilevile. Hata majani ya mgomba yaliyogusana nao yalikuwa bado majani.

Alitazama bondeni. Chemchemi ilikuwa hatua sitini tu chini ya shimo. Mkamwana wake, Atuganile, alikuwa akipanda kilima na mtungi kichwani, mjamzito wa miezi saba. Alipomwona baba mkwe aliacha njia, akasimama nyuma ya migomba na kufunika uso, kama mila inavyotaka. Ambindwile hakuruhusiwa kumsemesha. Akakimbia nyumbani kwa mkewe.

"Ikupa, mwambie mkamwana amwage maji hayo."

"Amekosa nini?"

"Nimekosa mimi."

Siku ya pili Yunusu, Bwana Afya, aliyeitwa na Ambindwile, alifika kwa baiskeli kutoka Tukuyu. Ikupa alimwonyesha shimo.

"Shimo hili lilikula hata viatu vya mume wangu vya harusi," alisema. "Limeshindwaje unga?"

Yunusu alicheka kidogo, akachuchumaa.

"Mama, udongo wenyewe hauli. Wanaokula ni vijidudu wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Ganda la ndizi kwao ni chakula laini. Dawa hii ina klorini, nayo imefungwa kama fundo gumu. Ni wachache wanaoweza kulifungua. Nanyi mmewarundikia nusu gunia mahali pamoja. Imewazidi, wengi wamekufa."

Akaeleza pia kwamba baridi ya milimani huwafanya vijidudu wafanye kazi polepole. Tena dawa hushikamana na udongo, wasiweze kuifikia. Ambindwile aliuliza kama angeongeza samadi.

"Samadi itawapa nguvu waliobaki," alijibu Yunusu, "lakini mzigo huu ni mkubwa mno kwao. Tuutoe."

Walingoja siku kavu. Wakavaa mabuti na glavu, wakafunga vitambaa puani, wakauchimba unga pamoja na udongo ulioushika. Wakautia kwenye mapipa yenye vifuniko, yakapelekwa kwenye ghala la wilaya. Maji ya chemchemi yakachukuliwa kupimwa. Kwa miezi mitatu wanawake waliteka maji kwenye kijito cha juu, mwendo wa nusu saa. Walinung'unika, na Ambindwile hakujitetea. Kila jioni alimwombea mtoto ambaye hajazaliwa.

Mwezi Juni barua ilifika. Kwenye mkutano wa kijiji Ambindwile aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, kama alivyofundishwa darasa la jioni. Maji yalikuwa salama. Yunusu akafafanua: kule kushikamana na udongo kulikowashinda vijidudu ndiko kulikoichelewesha dawa kufika majini.

"Tumshukuru Mungu," alisema, "lakini tusimjaribu mara ya pili."

Nyuma ya wanawake wote Atuganile alikuwa amekaa, amegeuza mgongo, mtoto wake akinyonya. Ambindwile hakumtazama. Alikunja barua, akapaza sauti ili ifike hadi nyuma.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu majirani, naahidi. Dawa itakayobaki kwangu nitairudisha kwa Bwana Afya, ndani ya chombo chake. Na yule ambaye mila hainiruhusu kumsemesha, naye asikie: sitafukia tena ardhini kitu ambacho mjukuu wangu anaweza kuja kukinywa."