Miiba kwenye Mteremko wa Ziwani

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri juu ya mabati ya Nkende, mtaa wa Tarime, Mogesi alikuwa ameshafunga madumu mawili ya maji kwenye keria ya baiskeli ya baba yake. Baiskeli yenyewe ilikuwa ndefu na nzito kama ng'ombe wa plau. Mogesi, msichana wa miaka kumi na miwili, aliiendesha amesimama juu ya pedali, kwa kuwa akikaa kitini miguu yake ilibaki inaning'inia. Akishafikisha maji nyumbani, alinawa vumbi miguuni na kukimbilia shule.

Baba yake hakuwepo. Ilikuwa ile miaka ambayo dhahabu ya Nyamongo iliwatia watu wazimu. Baba alikuwa huko mashimoni, na katika darasa la sita madawati mengi yalikuwa matupu, kwa sababu wavulana wenye akili zao walikuwa wameamua kwamba shule ni ya wajinga.

Mwalimu Ochieng alikuwa na dawa yake ya kuwazuia waliobaki. Alitangaza kwamba likizo ya Juni, wanafunzi sita wasiotoroka shule wangesafiri naye kwa baiskeli hadi nyumbani kwa mama yake, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria.

"Barabara kubwa hatupiti," alisema. "Kule kuna malori ya mawe na Landrova za wanunuzi wa dhahabu. Tutafuata njia ya ng'ombe. Hamtasikia honi hata moja."

Kisha akamvika Mogesi filimbi shingoni. Yeye ndiye angekuwa kiongozi wa msafara, wa kwanza mbele ya wote. Usiku ule Mogesi alilala na filimbi yake, na mama yake alimcheka mpaka akachoka.

Siku ya mazoezi alikuta gurudumu la nyuma limebonyea hadi chini. Tyubu haikuwepo. Mtu alikuwa ameling'oa tairi upande mmoja, akaichomoa, akaondoka zake. Mogesi hakupiga kelele. Aliinama akasoma ardhi, kama wakubwa wanavyofanya ng'ombe wakiibwa. Pale palikuwa na alama za katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi la gari, na cha kulia kilikuwa kimekatika kisigino. Alizifuata alama hizo kupitia shamba la mihogo, akavuka kijito, mpaka kwenye lango la kina Nyangwine, mwenzake wa darasani. Uani, Nyangwine alikuwa amevaa katambuga hizo hizo, na kando yake kaka yake mkubwa alikuwa akijiandaa kwenda mashimoni. Alikuwa anakata mpira mweusi vipande vipande, maana kule kamba ya tyubu ilifungia kila kitu, kuanzia nguzo za shimo hadi mizigo ya mawe.

Hapo ndipo Mogesi alipopaswa kupiga yowe. Watu wa Mara wana desturi yao: nyayo za mwizi zikiingia katika mji wako, yaani boma lako, lazima uzitoe: uonyeshe zilipotokea kwenda kwingine. Ukishindwa, nyayo ni zako na utalipa. Hata mtoto anayenyonya ni kama amezaliwa analijua hilo. Lakini yowe lingeleta wazee, wazee wangeleta maneno, Nyangwine angeomba radhi na mambo yangeisha. Mogesi hakutaka yaishe. Alirudi nyumbani kimya, na kinyongo chake akakitunza kama yai.

Kwa kuwa alikosa mazoezi, filimbi ilihamia shingoni mwa Nyangwine.

"Pole, Mogesi," Nyangwine alisema, akaipuliza kuijaribu.

"Utakiona cha mtema kuni," Mogesi alijibu, lakini moyoni tu.

Mama yake alimwazimia tyubu kuukuu kwa jirani, yenye viraka vingi kuliko mpira wenyewe, na safari ikaanza. Waliiacha barabara kubwa nyuma ya mtaa wa Turwa, wakaingia njia nyembamba katikati ya mtama na mihogo. Jamani, ile njia ilikuwa tamu! Kulisikika minyororo ya baiskeli na njiwa wa porini, basi. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua majembe kuwasalimu. Kwenye kijito kilichokuwa na gogo moja tu la kuvukia, walibeba baiskeli mabegani, wakacheka mpaka mmoja wao nusura atumbukie. Mchana upepo uligeuka, ukaleta harufu ya samaki na matope, na walipopanda kilima cha mwisho ziwa likatokea chini yao, pana, jeupe kwa jua.

Watoto walipiga vigelegele. Mogesi hakuliona ziwa vizuri. Tangu asubuhi macho yake yalikuwa kwenye shingo ya Nyangwine, pale kamba ya filimbi ilipopita. Kila filimbi ilipolia, damu ilimchemka upya.

Nyumbani kwa Mwalimu Ochieng walipokewa na mama yake, Mama Akinyi, na dada yake, Akech.

"Shikamoo, mama!" walisema wote.

"Marahaba, wanangu. Mmekuja na baiskeli kutoka Tarime yote hiyo? Karibuni, karibuni."

Akech alikuwa dada mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Alipoona Mogesi hali vizuri, alimwongezea ugali bila kumuuliza, akaketi kando yake na kumsugua miguu kwa mafuta ili isikaze. "Kesho utaniambia ni nani amekuudhi," alimnong'oneza. Mogesi alijitia hamnazo.

Wakati wa chakula Mwalimu alitangaza ratiba. Asubuhi wangeteremka ufukoni kuona mitumbwi ikirudi na samaki. Mteremko ni mkali na una mchanga, kwa hiyo wangefuatana, kiongozi mbele. Nyangwine alitabasamu hadi masikioni. Mogesi naye alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku nzima.

Kulipoanza kupambazuka, wenzake wakikoroma bado, alitoa baiskeli yake taratibu. Uzio wa zizi ulikuwa umejengwa kwa matawi ya mgunga, yenye miiba mirefu kama sindano za magunia. Alichomoa matawi mawili, akayafunga kwenye keria, akashuka nayo hadi kwenye kona, mahali ambapo mwendesha baiskeli huwa keshaachia breki. Aliyalaza njiani, akayafunika kwa nyasi na mchanga. Alimwona Nyangwine akilini, akiruka juu ya usukani, filimbi ikimwingia mdomoni. Ilikuwa picha nzuri sana kwake. Alirudi, akaifuta baiskeli, akaipanga pamoja na nyingine, akajilaza.

Usingizi ulikuwa unamchukua aliposikia yowe.

Lilitoka mteremkoni, kali, na likapokewa na miji ya jirani, mmoja baada ya mwingine. Wanaume walipita mbio na mikuki na mapanga. Miaka ile waliobeba dhahabu walipita njia hiyo kuifuata mitumbwi, na majambazi waliwatega hivyo hivyo, kwa miiba. Haukupita muda kundi likaonekana linapanda, macho chini, likifuata alama za tairi. Mbele alikuwa Filemoni, mkuu wa sungusungu wa pale. Alama zilimleta moja kwa moja hadi langoni.

"Mama Akinyi," alisema, akihema, "baiskeli imetoka hapa, imefika kwenye miiba, imegeuka, imerudi hapa. Nyayo zimeingia kwako. Zitoe."

Mama Akinyi alizunguka uzio wake wote, ameinama. Alirudi mbele ya Filemoni. "Hazikutoka," alisema.

"Basi ni zako. Kwako mnalaza majambazi."

"Kwangu kuna watoto wa shule!"

"Na huyu?" mtu mmoja alifoka. Nyangwine alikuwa amesimama uani na baiskeli yake, ameamka mapema kuing'arisha, magurudumu bado yamejaa mchanga wa jana. Yake peke yake ndiyo iliyokuwa nje. Mikono minne ilimkamata kwa pamoja na fimbo ikainuliwa.

"Si mimi!" Nyangwine alilia. "Tyubu ya Mogesi ni mimi, nakiri, nilimpa kaka! Lakini miiba si mimi, baba, naapa!"

Mogesi alisimama mlangoni. Kila alichokiomba kilikuwa mbele yake: mwizi amekiri hadharani, analia, na fimbo iko hewani. Hakutakiwa kufanya chochote. Kunyamaza tu kungetosha. Na kusema kweli, kwa muda mfupi alinyamaza, na utamu wake aliuonja.

Kisha watu walipisha, na Akech akaletwa, ameegemea mabega ya watu wawili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda pasipo na kiungo. Wa kulia ulikuwa bado umeng'ang'ania kitita cha samaki, kimejaa mchanga. Alikuwa akipanda kutoka ufukoni, akakanyaga miiba iliyofichwa na kuporomoka mteremkoni.

"Nilitaka kuwakaangia watoto kabla hawajaamka," alisema, kana kwamba anaomba radhi.

Ule utamu ulimwishia Mogesi papo hapo, akakimbilia katikati ya uani.

"Mwacheni!" alipiga kelele. "Nyayo ni zangu! Ni mimi niliyetega miiba! Nilimtegea Nyangwine."

Waliomshika Nyangwine walimwachia. Mwalimu Ochieng alimtazama kama mtu ambaye hamfahamu, na hilo lilimuuma Mogesi kuliko fimbo yoyote. Filemoni alishusha mkuki. Alisema mtoto hapigwi na sungusungu, lakini mkono huo unahitaji zahanati, na zahanati iko ng'ambo ya vilima viwili.

"Gari liko wapi?" mtu aliuliza. Njia waliyoipenda kwa kukosa magari ilikuwa bado haina magari.

"Atambeba yeye," Mama Akinyi alisema, akimwelekezea Mogesi kidole. "Kwenye baiskeli hiyo hiyo."

Tyubu ya viraka isingehimili mtu mzima. Nyangwine, bila kuambiwa, alichomoa tyubu ya baiskeli yake mwenyewe na kuifunga kwenye gurudumu la Mogesi. Akech alipakizwa kwenye keria. Mogesi alishika usukani, Nyangwine akasukuma nyuma, Mama Akinyi akatembea kando. Kila walipopita mji, watu walitoka na kuuliza kilichotokea. Mama Akinyi hakuwajibu.

"Umeulizwa," alimwambia Mogesi kila mara.

Naye Mogesi alijibu kila mara, kuanzia nyayo za mwizi wa tyubu hadi miiba, huku jasho na machozi vikichanganyika usoni.

Walipofika juu ya kilima cha pili, Mama Akinyi aliwasimamisha wapumzike.

"Nyangwine," alisema, "wizi wako ndio mwanzo wa haya yote, usijidanganye. Ukirudi Tarime utasema kwa baba yako kama ulivyosema uani kwangu." Kisha akamgeukia Mogesi. "Na wewe, mwanangu. Zile nyayo ulizofuata hadi kwao, kwa nini hukupiga yowe?"

"Nilitaka nimlipize mwenyewe, mama."

"Basi sikia. Ungepiga yowe, watu wote wangesimama nyuma yako. Haki yote ilikuwa yako. Wewe ukaificha, ukaigeuza kisasi, ukabaki peke yako nacho. Dai haki yako mchana, mbele ya watu. Kisasi hakina macho, hakijui uliyemkusudia."

Kwenye zahanati muuguzi alimkalisha Akech, akaupapasa mkono ule taratibu. "Nani amekufanyia hivi, dada?"

Akech alimtazama Mogesi. Mama Akinyi naye akamgeukia.

"Ni mimi," Mogesi alisema. "Lakini sikumtegea yeye."

"Najua," Akech alisema, akifumba macho kwa maumivu. "Ila niliyepita ni mimi."

Mogesi alipiga magoti, akaushika mkono wake wa kulia, ule usiovunjika. Mpaka likizo ilipokwisha hakurudi Nkende. Alibaki kule ziwani akiteka maji, akisonga ugali, na kila alfajiri akiteremka ufukoni kumletea Akech samaki.